Taa za DJ anayeanza: nunua inayoangaza watu kabla ya inayojionyesha yenyewe

Shughuli yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kipaimara, uani kwa watu Mbagala, chini ya turubai. Nilikwenda na spika mbili, kompyuta ya kuazima, na taa mbili nilizoziona ndiyo mtaji wangu: lile tufe la plastiki linalozunguka na kurusha madoa ya rangi, na leza ndogo ya kijani. Giza lilipoingia nikawasha zote. Watoto wakashangilia. Keki ilipoletwa, mama wa mtoto alikuwa na doa la bluu shavuni na jekundu kwenye paji la uso, na mpiga video akanijia mbio: "DJ, sasa hapa mimi napiga nini?" Punde bibi mmoja aliyekaa safu ya mbele akaniita kwa mkono, akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, hicho cha kijani kinanichoma macho."

Nikazima vyote. Keki ikakatwa kwa mwanga wa balbu ya mwenye nyumba iliyoning'inia mlangoni.

Kosa langu halikuwa bei ya taa. Nilinunua taa za watu kucheza, nikazipeleka mahali ambapo watu wangetazamana kwa saa nne kabla ya kucheza kwa saa moja. Mwongozo huu nimeupanga kwa mfuatano ambao ningependa mtu anipe siku ile kabla sijashuka Kariakoo.

Hatua ya 1: Omba ratiba kabla hujauliza bei ya taa

MC au katibu wa kamati anayo. Harusi au send-off ya ukumbini huenda hivi: wageni wanaingia, maharusi wanaingia, utambulisho, keki, shampeni, ndafu kama kuna upande wa Wachaga, chakula, zawadi, nasaha, ndipo muziki unafunguliwa. Kwenye shughuli yenye urefu wa saa tano, muziki huru unapata saa moja. Utambulisho ukirefuka, na hurefuka, unapata nusu saa kisha mlinzi wa ukumbi anaanza kuchezesha funguo.

Chukua kalamu, pitia ratiba mstari kwa mstari. Pale watu wanapotazamwa (kuingia, keki, zawadi) andika T. Pale wanapocheza andika C. Ukimaliza, hesabu. Shughuli za familia nyingi zitakutolea T tupu mpaka karibu na mwisho. Birthday za vijana, sherehe za chuo na vigodoro ni kinyume: C toka mwanzo. Kazi unazozipata wewe, siyo zile unazoziota, ndizo zitakazosema uanze na taa gani. DJ wa mtaani anayeanza hupata kipaimara, ubarikio, send-off za uani na birthday za watoto, kwa hiyo kwa wengi jibu ni T.

Hatua ya 2: Nenda ukapaone mahali, ikiwezekana usiku

Angalia vitu vinne tu.

Giza, kwanza. Taa ya rangi haishindani na taa kubwa za ukumbi, wala na jua. Kitchen party ya saa nane mchana, acha taa nyumbani, hakuna atakayeziona. Ukumbini, muulize mhusika swichi ziko wapi na nani anaruhusiwa kuzizima. Nimewahi kufunga taa kwa saa mbili, kisha nikaambiwa taa za dari zinazimwa na mtu mmoja tu, naye amekwenda kwao Kibaha.

Pili, kilichoko juu. Turubai jeupe ni zawadi: ukielekeza taa juu, kitambaa kinaurudisha mwanga taratibu kwa kila mtu aliye chini, hakuna anayeumizwa macho. Dari ya jipsamu iliyo chini inafanya kazi hiyo hiyo. Ila dari hiyo hiyo inaua taa zenye miale mirefu, maana mwale unakwenda mita moja unagonga plasta. Tatu, soketi ziko wapi na ni ngapi. Nne, upepo, na hilo ni kwa ajili ya moshi, nitalifikia.

Hatua ya 3: Anza na parkeni nne

Parkeni ni ile taa ya duara bapa, yenye vijicho vingi vya LED usoni na mguu wa kuisimamishia chini au kuifunga juu. Haizunguki, haichori kitu. Inamwaga rangi moja mahali pamoja. Ndiyo maana DJ anayeanza huipita dukani akienda kwenye zile zinazochezacheza.

Chukua nne, za aina moja, siku moja, duka moja. Ukinunua mbili leo na mbili baada ya miezi mitatu, zambarau ya hizi haitafanana na zambarau ya zile, na ukutani tofauti inaonekana kama kiraka.

Hakikisha zina nyekundu, kijani, bluu na nyeupe. Zile zisizo na nyeupe yake hulazimika kuchanganya rangi tatu kupata nyeupe, na nyeupe hiyo huwa ya kibuluu, inayompa bibi harusi uso wa mgonjwa. Ukipata yenye rangi ya kaharabu (njano iliyokolea kuelekea chungwa) ndani, bora zaidi.

Namba za kwenye boksi zisikubabaishe. Parkeni ikiandikwa 54 × 3W, usihesabu wati 162. Mara nyingi taa yenyewe inavuta pungufu ya hapo kwa mbali. Muulize muuzaji aiwashe, kisha fanya majaribio haya manne palepale dukani:

Washa kila rangi peke yake, moja baada ya nyingine, uone kama kuna kijicho kisichowaka.

Punguza mwanga taratibu mpaka chini. Taa mbovu haishuki kwa ulaini, inashuka kwa ngazi, tap, tap, tap.

Fungua kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole, uielekeze kwenye mwanga. Ukiona mistari ya giza inapanda na kushuka kwenye picha, mistari hiyo hiyo ataiona mpiga video wa harusi. LED nyingi za bei ya chini hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka. Jicho halioni, kamera inaona. Jaribio hili pekee limeniokoa mara mbili.

Mwisho, sogeza sikio. Feni inayovuma kama kikaushio cha saluni utaisikia ukumbi mzima wakati baba mzazi anatoa nasaha.

Halafu kuna suala la upana wa mwanga. Kwenye karatasi ya taa utaona nyuzi, kwa mfano 25 au 40. Kwa umbali wa mita 4, taa ya nyuzi 25 inapiga duara la kama mita 1.8, ya nyuzi 40 inapiga kama mita 2.9. Meza ya maharusi yenye watu wanne inataka ya pili. Nguzo unayotaka kuipaka rangi kutoka chini mpaka juu inataka ya kwanza. Kama huwezi kuwa na zote, chukua pana.

Sasa zinawekwaje? Mbili mbele, kushoto na kulia ya meza kuu, juu ya stendi, zikiangalia nyuso kwa mshazari. Ukiweka moja mbele katikati, pua zote zinatupa kivuli mdomoni. Ukiziweka chini sakafuni zikitazama nyuso, unatengeneza sura za kutishia watoto. Mbili zilizobaki ziweke chini nyuma ya meza, zipake ukuta au pazia la mapambo kwa rangi ya shughuli.

Rangi ya shughuli isikupe shida, ila kuna jambo la kumweleza mama wa kamati mapema. Dhahabu utaipata: nyekundu yote, kijani karibu nusu, bluu sifuri, na nyeupe kidogo ukitaka ilainike. Zambarau: bluu yote, nyekundu nusu. Lakini damu ya mzee haitoki kwenye taa, wala kahawia, wala bluu ya usiku. Mwanga hauna rangi ya giza. Ukiupunguza mwekundu unapata mwekundu hafifu, basi. Ukumbi ukipambwa kwa damu ya mzee, mimi hupiga kaharabu, kitambaa chenyewe kinajisemea.

Kwa nyuso, kanuni yangu ni fupi. Kaharabu na nyeupe ya joto huwapendeza watu weusi na wa maji ya kunde vilevile: ngozi inang'aa, vipodozi vinaonekana kama vilivyopakwa. Kijani usoni, kamwe. Bluu tupu usoni hula sura yote, mtu anabaki meno na macho. Bluu na kijani vipeleke ukutani.

Hatua ya 4: Ongeza taa moja ya kucheza, na uisikilize pamoja na muziki wako

Baada ya parkeni nne, sasa jipe raha. Tufe la madoa linatosha kwa birthday ya watoto. Kwa vijana, taa yenye miale mingi inayofagia chumba kizima inajaza nafasi kuliko moja kali inayopiga sehemu moja. Zile zenye kichwa kinachogeuka huku na huku, muvinghedi wanavyoziita, zinapendeza zikiwa mbili. Moja peke yake inaonekana kama mlinzi anayetafuta mwizi kwa tochi.

Ukizifikia hizo, chukua za LED. Utakutana na zilizotumika zenye balbu ya gesi badala ya LED, kama zile za balbu ya 7R ya wati 230, zenye mwale mkali unaofika mbali, na bei yake ya mitumba itakushawishi. Tatizo ni umeme wetu. Umeme ukikatika na kurudi, LED inawaka palepale. Ya gesi haiwaki mpaka ipoe, na kuizima ghafla bila feni yake kuipoza kunafupisha maisha ya balbu. Usiku wenye kukatika mara tatu, utakuwa na nguzo mbili za mapambo tu.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Taa nyingi za kuanzia zina maikrofoni ndogo ndani: zinasikia besi, zinabadilika. Ni rahisi, unachomeka na kuendelea na kazi. Kwa bongo fleva ya mapigo 90 au 100 kwa dakika, taa inafuata muziki kama imefundishwa. Amapiano, karibu na mapigo 112, besi yake inakuja kwa kuvizia, kwa hiyo taa inatulia, inatulia, kisha inashtuka. Inaweza kupendeza.

Singeli ndiyo mtihani. Singeli inakimbia mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika. Piga hesabu: 240 ukigawa kwa 60 ni mapigo 4 kila sekunde. Taa inayoruka kila pigo, kwenye singeli si taa ya kucheza tena, ni taa ya kumetameta mfululizo, na nitaeleza hapo chini kwa nini namba 4 ni mpaka wa kuuheshimu. Nikifika kwenye singeli naitoa taa kwenye maikrofoni, naiweka kwenye mzunguko wake wa polepole, rangi mbili, nyekundu na kaharabu. Miguu inakwenda mbio, mwanga unakwenda taratibu. Jaribu, utaona umati unavyoonekana mkubwa zaidi.

Kwenye taarab, taa ya kucheza usiiguse kabisa. Akina mama wanapoinuka kwenda kutunza, wanataka kuonekana gauni, mkono na noti. Parkeni kaharabu, mwanga umesimama.

Ujanja mdogo wa maikrofoni: taa iliyowekwa juu ya spika ya besi haisikii kingine zaidi ya besi, na mara nyingi inachanganyikiwa. Isogeze mita mbili, rekebisha kitufe cha usikivu mpaka iitikie pigo, siyo kelele za watu.

Hatua ya 5: Moshi, ukiwa chini ya paa tu

Mwale wa taa hauonekani hewani bila kitu cha kuugonga. Ndiyo kazi ya moshi. Ukiwa na mashine ndogo ya wati 400 sebuleni, au ya 900 kwenye ukumbi wa watu mia, taa yako ya bei ya kawaida ghafla inakuwa tamasha. Uani penye upepo wa baharini, sahau: nimeutoa moshi Kigamboni ukaenda moja kwa moja kwa jirani aliyekuwa anaanika samaki.

Tumia maji yake maalumu, yaliyotengenezwa kwa maji na glaikoli. Usijaze mafuta, manukato, wala kitu ulichochanganya mwenyewe, maana kile kipasha moto ndani kinavichoma na watu wanavuta walichokichoma. Ipe dakika chache ipate joto. Mdomo wake unaunguza, uelekeze mbali na watoto, wala usiuinamishe sakafuni, kwa sababu majimaji yake yanaganda kwenye vigae na wa kwanza kuteleza atakuwa mtu mwenye viatu virefu.

Puliza sekunde mbili, tatu, halafu subiri. Moshi wa kuonekana mwepesi ndio unaochora miale vizuri. Ukijaza chumba, taa zote zinakuwa wingu moja la kijivu. Kabla ya yote uliza mambo mawili: ukumbi una king'ora cha moshi? Kuna mwenye pumu kwenye meza ya familia? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, iache kwenye gari.

Yale "mawingu" ya chini wanamotembelea maharusi ni kitu kingine. Hutengenezwa kwa barafu kavu, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Inaunguza mkono mtupu, na gesi inayotoka ni kabonidayoksaidi, nzito kuliko hewa, inayolala chini wanapokaa watoto. Kodi mtu anayeifanya kila wiki.

Hatua ya 6: Vya kuacha kwa mwaka wa kwanza

Leza. Najua. Kwa bei yake hakuna kinachojaza ukumbi kama leza. Ila leza yenye nguvu ya kuonekana vizuri ukumbini inaweza pia kuunguza jicho, na lebo za leza za bei rahisi si za kuaminiwa. Pia inaua kamera: mwale ukiingia moja kwa moja kwenye lenzi unaweza kuacha mstari au doa la kudumu kwenye kihisio cha picha. Mpiga picha mmoja alinionyesha mstari huo kwenye kamera yake baada ya send-off niliyopiga mimi. Nilimlipa kwa mafungu, miezi mitano. Kama ni lazima uwe nayo, ifunge juu, miale ipite angalau mita 3 juu ya sakafu wanapotembea watu, iishie ukutani. Na nje usiielekeze angani hata kwa utani. Wakazi wa Kipawa na Ukonga wanajua ndege zinavyopita juu ya mabati yao zikienda kutua, na rubani aliyepigwa na mwanga wa kijani machoni ana abiria nyuma yake.

Strobu, ile ya kumetameta mweupe. Kuna watu ambao mwanga unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde unawaletea kifafa, na wengine hawajijui mpaka siku hiyo. Desemba 1997 kule Japani, tukio moja la katuni ya televisheni lenye mwanga mwekundu na wa bluu unaopishana kwa kasi lilipeleka watoto zaidi ya 600 hospitali. Uingereza, ushauri kwa kumbi za disko ni isizidi mara 4 kwa sekunde. Ndiyo ile 4 ya singeli. Kwenye shughuli yenye watoto mimi siiwashi. Kwa vijana, sekunde kumi mdundo unaporudi, basi.

Mashine za cheche, fataki baridi, zimejaa kwenye harusi za Dar es Salaam. "Baridi" ni jina la biashara: ndani kuna chembe za madini zinazopashwa moto zikawaka. Pazia la mapambo ni kitambaa cha plastiki. Sina la kuongeza.

Taa ya urujuanimno, ile inayofanya nyeupe ing'ae gizani, haina hatari kubwa na watoto wanaipenda. Kanzu iliyofuliwa kwa sabuni ya unga itawaka kama taa. Na kila uzi mweupe uliodondokea koti jeusi la suti utawaka vilevile, kwa hiyo isiwe karibu na bwana harusi.

Hatua ya 7: Hesabu umeme kabla ya kuchomeka

Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 2,990, na huo ni ukomo, siyo shabaha. Parkeni nne za wati 60 halisi ni 240. Muvinghedi mbili za LED, tuseme 200. Mashine ya moshi 900. Jumla 1,340, kabla hujaweka spika. Kwenye ukumbi mzuri inapita. Kwenye nyumba ambayo nyaya zake zilivutwa na shemeji wa fundi, soketi inaanza kunuka.

Gawa basi: sauti soketi moja, taa na moshi soketi nyingine, ikiwezekana ya chumba kingine. Kipasha moto cha mashine ya moshi hujiwasha na kujizima chenyewe usiku kucha, na kila kikijiwasha kinavuta umeme kwa mkupuo. Ukiwa na jenereta dogo utasikia likiguna, taa zinafifia, na mikisa ikishiriki waya huo inaweza kutoa mlio kwenye spika katikati ya sala. Jenereta lililoandikwa 2.5 kVA lihesabie wati 2,000 hivi, na usilijaze.

Ekstensheni ya kigurudumu ikunjue yote, hata kama unahitaji mita tatu. Ikibaki imekunjwa huku inabeba mzigo, joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka ndani kwa ndani. Uani, viungio viinue juu ya tofali, vifunike kwa juu. Mvua ya Aprili haipigi hodi.

Hatua ya 8: Funga juu, funga mara mbili

Stendi yenye umbo la T inatosha kwa taa nne nyepesi. Miguu ifunguliwe yote, na mfuko wa mchanga kila mguu; mfuko wa unga wa kilo tano uliojazwa mchanga unafanya kazi hiyo bila gharama. Kila taa iliyoko juu iwe na kamba ya chuma ya usalama, zaidi ya skrubu yake. Skrubu hulegea kwa mtikisiko wa besi. Nyaya zipite ukutani, na zinapokatiza njia zibandikwe chini kwa utepe. Watoto wa shughuli hukimbia bila kutazama, na hukimbia kuelekea kwenye mwanga.

Hatua ya 9: Jifunze DMX kidogo, siyo yote

DMX512 ni lugha ya kuamrisha taa kwa waya, iliyoundwa Marekani mwaka 1986 kwa ajili ya majumba ya maigizo. Ina chaneli 512, na kila taa inachukua kadhaa. Parkeni zako zikiwa za chaneli 8, ya kwanza ipe anwani 1, ya pili 9, ya tatu 17, ya nne 25. Sasa kila moja inasikiliza amri zake. Ukitaka urahisi, zile mbili za mbele zipe zote anwani 1, mbili za nyuma zote 9: unaongoza makundi mawili, nyuso na ukuta, kwa meza ndogo ya vitelezi. Kwa mwaka mzima hutahitaji zaidi.

Waya unakwenda taa kwa taa, mkia kwa kichwa, hauna matawi. Kwa umbali mfupi waya wa maikrofoni wa kenoni (wenye kichwa cha duara cha pini tatu) utakusaidia. Mstari ukirefuka taa zikaanza kucheza zenyewe, tumia waya wa DMX wenyewe na uchomeke plagi ndogo yenye kizuizi cha omu 120 kwenye tundu la kutokea la taa ya mwisho. Andika anwani ya kila taa kwa kalamu kwenye utepe mgongoni mwake. Usiku, ukiwa umechoka, utajishukuru.

Hatua ya 10: Usiku wenyewe

Fika mapema, fungua kila kitu kabla meza hazijavishwa vitambaa. Mtafute mpiga video kabla hajakutafuta. Mwambie utatumia kaharabu mbele, mwombe asimame upande wa stendi yako ya kushoto, na muangalie pamoja kwenye skrini yake. Akiona mistari mwambie ajaribu kubadilisha kasi ya shata, aanze na 1/50.

Maharusi wanaingia: ukuta rangi ya shughuli, mbele kaharabu. Keki: punguza ukuta, ongeza mbele. MC akisoma majina, ongeza nyeupe, asome bila kukunja uso. Chakula: shusha vyote, watu wale. Zawadi: kama keki. Muziki ukifunguliwa, usimwage kila kitu wimbo wa kwanza. Zima zile za mbele kwanza, giza lishuke kidogo, watu wajisikie hawaangaliwi. Hapo ndipo wajomba huinuka kuserebuka. Taa ya kucheza iwashe wimbo wa pili, moshi wa tatu.

Mkimaliza, mashine ya moshi ipoe kabla ya kuingia kwenye boksi. Kesho yake futa lenzi kwa kitambaa kikavu, moshi huacha utando wa mafuta unaofifisha taa wiki hadi wiki. Na usiku uleule, ukiwa unaikunja ekstensheni, ipapase kwa urefu wake wote na kwenye plagi. Palipo na joto pana tatizo, na ni afadhali ulijue wakati fundi wa ukumbi bado hajapanda bodaboda.